Kabla Hujaagiza Shokapu Mpya, Angalia Tairi

Ukiwakuta wadau wa mapikipiki makubwa wamepaki Chalinze au Msamvu wanapiga supu, stori ni zile zile, CC ngapi, BMW GS na Honda Africa Twin ipi baba lao, fulani kafunga egzosi mpya, fulani kaagiza shokapu za Öhlins, na tairi inatajwa mwishoni kabisa pale mtu anapouliza umeipata wapi na kwa bei gani. Mimi naona wanaanzia mkiani. Kinachogusa lami ni vipande viwili tu vya mpira, kila kimoja ukubwa wa kiganja chako hivi, na kila unachofanya juu ya ile pikipiki, uwe umeshika breki, umekata kona au umejipenyeza kati ya lori na ukuta wa mlima, kinapitia hapo hapo. Shokapu ya mamilioni ukiifungia juu ya tairi iliyoisha vibaya inabaki kuwa urembo.

Naongelea safari ndefu za lami maana hapo ndo nilipozoea. Nina R1200GS ya zamani, ile inayopozwa kwa hewa na oili, mbele rimu ya inchi 19 na nyuma 17, na barabara yangu kubwa ni ile ya TANZAM, Dar mpaka Mbeya, kilomita kama 830. Kwa mtu anayetaka kujua tairi inafanya nini hamna barabara nzuri kama hii, unaanza na Dar–Moro iliyonyooka na joto lake, unapita mbuga ya Mikumi, unaingia milima ya Iyovi, unashuka kwenye mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, unapanda Kitonga, alafu ukishapita Iringa unakutana na baridi ya Mafinga na Makambako, na njia nzima malori ya Tunduma yameikanyaga lami mpaka sehemu nyingine imetitia, imebaki mifereji miwili ambayo ukiingia kutoka lazima uombe ruhusa.

Sasa tuanze na umbo, maana hili watu hawaliongelei kabisa. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo inakata kona kwa kulala, na ili ilale unasukuma usukani upande ule ule unaotaka kwenda, unataka kulia basi mkono wa kulia unausukuma mbele kidogo, chuma kinaangukia kulia na kinaanza kuzunguka. Wengi wanafanya hivyo kila siku bila kujijua. Ikishalala inakuwa haikanyagii tena katikati ya tairi, inakanyagia ubavu, kwa hiyo jinsi ule mviringo wa tairi ulivyochongwa kutoka katikati kwenda pembeni ndo inaamua pikipiki italala kwa haraka kiasi gani na itakaa imetulia au itakuwa inakusumbua. Kuna tairi zimechongoka juu, hizo ukigusa tu usukani zimeshalala, zinachangamka, na kuna ambazo ni duara pana, zinataka usukume kidogo ila ukishaziweka kwenye mstari zinakaa hapo. Na zote ubavuni zimeandikwa namba ile ile, 110/80 R19! Ndo maana mtu anafunga tairi ya kampuni nyingine, saizi hiyo hiyo, anarudi anasema pikipiki imebadilika siielewi, fundi anaanza kuhangaika na beringi za usukani wakati beringi ni nzima kabisa.

Kwa safari ndefu mimi nipe ile duara iliyotulia. Iliyochongoka ni tamu kwa saa moja ya kona, ila masaa nane barabarani, na upepo wa mabasi yanayokuja mbele, na mifereji ya malori, kila kitu kidogo kinaifikia mikono yako, ukifika Iringa mabega yanauma kama umebeba magunia.

Na hata ukinunua yenye umbo zuri, halikai milele. Hili ndo janga letu hasa sisi wa barabara zilizonyooka. Dar mpaka Moro ni kama kilomita 190 na pikipiki haijalala popote zaidi ya kwenye mizunguko, ukienda Dodoma ndo kabisa, ni kunyooka tu, kwa hiyo tairi ya nyuma inalika katikati peke yake. Joto la lami ya saa nane mchana, mzigo nyuma, na wewe umeshika 110, katikati inaliwa mpaka inakuwa bapa huku pembeni kashata, vile vipande vya mpira vilivyochongwa juu ya tairi, bado ziko nzima kabisa. Jaribu kuiangalia ukiwa umechuchumaa nyuma ya pikipiki, usawa wa macho na ekseli, usiangalie kwa juu. Tairi nzima utaona upinde unaoenda taratibu kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Tairi iliyoliwa utaona katikati kumekatwa kama meza na pande zote mbili kuna kona kabisa, ukipitisha kidole unaisikia ile kingo.

Ile kingo ndo inakuharibia uendeshaji. Ukiwa umenyooka pikipiki haitaki kulala, unasukuma inagoma, inataka kubaki kwenye ubapa wake, alafu ukiongeza nguvu inavuka kingo ghafla na kuanguka kwenye kona zaidi ya ulivyotaka, unashtuka, unairudisha, inapanda tena juu ya kingo na kunyooka. Kwa hiyo kona moja unaikata vipande vipande. Sasa weka hiyo hali Kitonga, upande mmoja ukuta wa jiwe, upande mwingine bonde, mbele lori limebeba mzigo linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea na linaacha matone ya dizeli, nyuma basi linapiga honi. Mtu atasema GS nzito, haikati kona. Hapana bwana. Tairi yako ina kashata za kutosha mbele ya trafiki ila umbo limeshakufa zamani, na trafiki anapima kina, umbo hajui wala hana shida nalo.

Ya mbele inaliwa tofauti. Yenyewe inaumizwa na breki na kona, kwa hiyo inaliwa mabegani, na mara nyingi kashata zinaliwa kwa kupishana, ukipitisha mkono kwenda mbele iko laini, ukirudisha nyuma inakwaruza. Dalili yake ya kwanza ni mlio, ule muungurumo unaoongezeka ukilala, watu wanadhani ni beringi ya rimu. Dalili ya pili ukiachia mafuta ukashuka kutoka 80 kwenda 60 usukani unaanza kutikisika kushoto kulia, na ukiwa na boksi zito nyuma ndo zaidi. Mikono isitoke kwenye usukani hata kama unataka kumuonyesha mwenzio.

Kampuni zinalijua hili la kuliwa katikati, ndo wakaja na tairi zenye mpira wa aina mbili, katikati mgumu unaovumilia kilomita, pembeni laini unaoshika kwenye kona. Michelin na wenzao wote sa hivi wanazo, ukichukua Michelin Road, Pirelli Angel GT, Metzeler Roadtec, Bridgestone za familia ya T, au kwa sisi wa rimu 19 Metzeler Tourance na Michelin Anakee, utakuta nyingi zimejengwa hivyo. Ndani ya mpira wanachanganya silika (silica), unga wa madini kama ya mchanga, na hiyo ndo inayosaidia kwenye maji na baridi, maana mpira mgumu wa zamani ukiwa wa baridi ulikuwa kama plastiki. Watu wanadhani kwenye mvua kinachokushika ni mifereji ya tairi. Mifereji kazi yake ni kuyatoa maji yasikuinue juu, ukishayatoa kinachobaki kushikana na lami ni mpira wenyewe. Kwa hiyo tairi yenye mifereji mingi ila mpira mgumu inaweza kukutelezesha vizuri tu, na ile inayoonekana haina kitu, imechorwa michirizi michache, ikapita masika yote bila shida.

Hapa ndo nafika kwenye tairi za kashata kubwa na najua nitawaudhi baadhi ya wazee. Sa hivi kila mwenye pikipiki ndefu anafunga Continental TKC 80 au zinazofanana nazo maana pikipiki inakaa kibabe kwenye picha, hilo sibishi, inakaa kibabe kweli. Ila angalia alama ubavuni, mwisho wa namba kuna herufi Q, maana yake tairi imeruhusiwa mpaka 160 km/h, wakati tairi ya kawaida ya GS hiyo hiyo ni V, 240. Ukinunua GS iliyotumika kutoka Ujerumani unaweza ukakuta kwenye dashibodi bado kuna stika ndogo ya duara imeandikwa 160 km/h, watu wanaibandua kwa kucha bila kujua ni ya nini. Ni sheria ya kwao, ukifunga tairi yenye kikomo chini ya kasi ya pikipiki lazima uwe na ukumbusho mbele ya macho.

Kwetu hapa kasi sio tatizo, tochi zitakumaliza kabla hujafika hata 120. Tatizo ni jinsi inavyohisi. Kila kashata ni kijiguzo cha mpira kimesimama peke yake, ukilala kwenye lami kinapinda kidogo kabla hakijashika, kwa hiyo unasukuma usukani, kuna kimya kidogo, alafu ndo pikipiki inaitikia. Ukishika breki ya mbele kwa nguvu mbele inakuwa kama inasogea sogea. Sio kwamba inaanguka, ila ile habari kutoka kwenye lami inakufikia ikiwa imechelewa, na kwenye lami yenye maji eneo la mpira linalogusa ni dogo zaidi. Alafu zinaliwa haraka, safari ya Mbeya na kurudi kwenye lami ya moto unarudi na nyuma imeshakuwa bapa, na jozi moja bei yake inakaribia bodaboda iliyotumika.

Ila sio kwamba hazina kazi. Ukitokea Chimala ukapanda kwenda Matamba na Kitulo kuna ile njia wanaita Hamsini na Saba, kona hamsini na saba zimekunjwa juu ya mlima, vumbi na mawe, na mvua ikinyesha udongo wa kule juu unakuwa sabuni. Pale tairi ya lami inajaa tope ndani ya dakika mbili na usukani unakuwa mapambo, unageuza na pikipiki inaendelea kwenda ilikokuwa inaenda. Mwenye kashata kubwa anapanda akiwa amesimama anaimba. Kwa hiyo swali ni moja tu, mwaka mzima unapanda Hamsini na Saba mara ngapi na Kitonga mara ngapi? Wengi tukijibu kwa ukweli lami ni tisa kwa kumi, na hiyo moja iliyobaki ni vumbi kavu la kuingilia kijijini kwa wazazi ambalo tairi ya katikati, nusu lami nusu vumbi, inapita vizuri tu ukipunguza mwendo. Kuna za katikati kama TKC 70, Mitas E-07 au Heidenau K60, hii ya mwisho ile ya nyuma ina mstari wa mpira mzima katikati, ngumu, inakaa mno, watu wa safari za kuvuka bara wanaipenda kwa hilo, ila ugumu huo huo kwenye lami ya maji unadai mkono mpole.

Kuhusu rimu 21 ya mbele kama ya Africa Twin nitasema kidogo tu maana sio yangu. Ni nyembamba, 90/90, kwenye mchanga inakata na kupita, kwenye lami ukiwa umezoea 19 au 17 unaihisi kama iko mbali na wewe, hasa kwenye breki. Na Africa Twin ile ya CRF1000L inatumia tyubu, hapo wenye tyubulesi tunajidai kwa vile msumari ukiingia tunachomeka ile kamba ya kuzibia tunasonga, ila mwenye tyubu ana bahati yake, fundi pancha wa kijiji chochote anaijua kazi yake.

Haya sasa upepo. Tairi nzuri kuliko zote duniani unaweza ukaiua kwa upepo, na mafundi wetu wengi wamezoea bodaboda inayobeba abiria wawili na gunia la mkaa, wao upepo mwingi ndo salama. Unasimama, anaunganisha mpira wa kompresa, hana geji, anabonyeza tairi kwa dole gumba, anaipiga teke, "kaka hii ikijaa ndo inakuwa nyepesi." Ni kweli inakuwa nyepesi kugeuza! Maana umepunguza sehemu inayogusa chini. Alafu tairi inapata joto kwa kupinda pinda inapozunguka, ukiijaza kama jiwe haipindi, haipati joto, haishiki, na kila tuta unalipokea kwenye uti wa mgongo. Ikiwa na upepo mdogo ndo inakuwa nzito, usukani unavuta, kwenye kona inaviringika ubavuni, na joto linazidi mpaka mpira unaharibika kwa ndani. GS yangu peke yangu ni PSI 32 mbele na 36 nyuma, na abiria na mizigo 36 na 42, na inapimwa tairi ikiwa ya baridi kabla hujatoka nyumbani. Ukipima Ruaha Mbuyuni saa saba mchana utakuta imepanda PSI tatu nne, usiutoe, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Geji yako mwenyewe, elfu chache tu, inakaa mfukoni.

Kuna kitu kimoja kinanifurahisha sana hapa. Njombe iko kama mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi ya mwezi wa saba baridi inaweza ikawa chini ya digrii 10. Ukitoka Dar yenye digrii 30 na tairi iko 36, ile baridi inashusha upepo kama PSI tatu. Ila huko juu hewa ya nje nayo ni nyepesi, na geji inapima tofauti ya ndani na nje, kwa hiyo mwinuko unarudisha kama PSI tatu hizo hizo. Unaamka Njombe unapima, 36. Unadhani geji imekufa.

Mzigo unaenda na upepo. Pikipiki yangu ina kilo 229 ikiwa na mafuta na kikomo chake na kila kitu ni 440, unabakiwa na kilo 211. Watu wazima wawili na mavazi yao ya safari, maboksi matatu, mahema, zawadi za bibi, mchele wa Kyela wakati wa kurudi, umeshazidi. Nyuma inakaa chini, mbele inainuka, tairi ya mbele inapungukiwa uzito na pikipiki inakuwa mvivu kulala, na ukifika 110 hivi unaanza kuhisi mkia unatembea taratibu kushoto kulia. Hapo watu wanalaumu upepo wa pembeni. Mara nyingi ukihamisha vizito kutoka boksi la juu kwenda maboksi ya pembeni, mbele kabisa karibu na miguu ya abiria, ukaongeza upepo wa nyuma na kukaza springi, mkia unatulia.

Kununua. Saizi zetu Kariakoo sio za kukuta kila duka, na ukizikuta swali la kwanza ni umri. Geuza tairi, tafuta neno DOT, mwishoni kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Mara nyingi iko ubavu mmoja tu, usikubali kuonyeshwa ule mwingine. Kuna muuzaji nilimuonyesha hiyo namba kwenye tairi "mpya kabisa" iliyokaa dirishani juani, akaniambia "bosi, tairi haiozi, sio nyanya hii." Haiozi ila inakauka, kwenye mifereji utaona vimistari vya nyufa ndogo ndogo, ukibonyeza kwa ukucha hauingii wala hauachi alama, na mpira wa hivyo kashata zinaweza kuwa kamili asilimia mia na kwenye lami yenye maji ukateleza kama uko kwenye vigae. Agiza Dubai au Afrika Kusini ikibidi, subiri, na agiza jozi. Mbele ya zamani iliyoliwa na nyuma mpya ni pikipiki mbili tofauti zimeunganishwa na chesesi moja.

Na ukishafunga mpya, kumbuka zina uso laini unaong'aa wa kiwandani, ule unatakiwa uondoke kwa kilomita 150 hivi za upole kabla hujaziamini. Tatizo ni kwamba ukifunga Dar na kuondoka kesho yake, ukifika Mikumi umeshamaliza karibu kilomita 300 na unajiona umeshazizoeza, kumbe ulichokwangua ni katikati tu, pembeni bado zinang'aa kama zilivyotoka kwenye boksi, maana hujalala popote. Mimi Mikumi nachuchumaa naangalia mabega ya tairi zote mbili, alafu milima ya Iyovi nazilaza kidogo kidogo, kila kona zaidi ya iliyopita, lami ikiwa kavu, ili nikifika Kitonga kusiwe na sehemu ya mpira inayogusa barabara kwa mara ya kwanza. Ikiwa Iyovi imenyeshewa, Kitonga nakaa nyuma ya lori mpaka juu.